Upepo wa Mto Columbia leo uko wapi?

Swali limetoka kwa kijana wa Paje, Zanzibar, ambaye sasa anaishi Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Nyumbani alikuwa akifundisha kaiti, yaani kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, na huku ameanza pia kujifunza bawa la mkononi, lile unalolishika mwenyewe bila kamba ndefu. Anaandika: "Shikamoo. Jumamosi programu ya simu ilisema saa saba mchana Hood River kutakuwa na maili 25. Nimefika, hakuna hata upepo wa kutikisa bendera, wingu limeshuka na manyunyu ya baridi. Jumatatu programu ileile ikasema 10, nikaenda zangu kazini. Jioni wenzangu wananitumia picha wako mtoni na matanga ya mita 4. Kwetu kusi ikiingia imeingia. Huku niamini nini? Nilipie utabiri? Na huo upepo wa mashariki wa majira ya baridi wanaousema, naweza kuutumia?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hizo siku zako mbili, maana zimebeba karibu kila kitu unachohitaji kujua kuhusu mto huu.

Jumamosi upepo ulikuwepo, ila haukuwa Hood River, ule mji wa kando ya mto mashariki ya Portland. Wingu likishuka hapo na kuleta manyunyu, ujue hewa baridi ya bahari imesukumwa ndani kuliko kawaida, na mahali inapokutana na joto pamehamia mashariki. Ungeshika barabara kuu ya I-84 ukaipita The Dalles mpaka Rufus au Arlington, naamini ungekuta watu wanahangaika kuyadhibiti matanga yao. Jumatatu ni jambo jingine kabisa: programu yako ilikupa hesabu ya modeli ya dunia nzima, yaani utabiri unaopigwa na kompyuta, na modeli hiyo korongo la mto huu hailioni. Nitalieleza mbele.

Kwa hiyo asubuhi usijiulize kwanza upepo una nguvu kiasi gani. Jiulize leo uko wapi, na utahama saa ngapi.

Kwenu kusi ni upepo wa bahari nzima. Julai ikivuma Paje inavuma Bwejuu na Jambiani, na kinachokupangia siku ni maji, yamejaa au yamekupwa. Hood River mambo yamegeuka. Maji kujaa na kupwa hakuna, kwa sababu nguvu ya bahari inakomea Bwawa la Bonneville, chini kidogo ya Cascade Locks. Upepo ndio unaobadilika kila baada ya kilomita 15 au 20, na mtu anaweza kukaa ufukweni akipiga miayo wakati mwenzake, mwendo wa robo saa kwa gari, anafungua tanga dogo kuliko yote aliyonayo.

Sababu yake ni umbo la nchi. Milima ya Cascade inatenganisha pwani yenye ukungu na nyanda kame za ndani. Upande wa Oregon kuna Mlima Hood, mita 3,429. Upande wa Washington kuna Mlima Adams, mita 3,743. Na kati yao Mto Columbia umekata korongo la kilomita 130 hivi, lenye kina kinachofika mita 1,200. Katika safu yote ya Cascade, hiyo ndiyo njia pekee iliyo karibu na usawa wa bahari. Kiangazi kinapoingia, juu ya Pasifiki hukaa mgandamizo mkubwa wa hewa. Mashariki, kuanzia The Dalles kwenda Pasco na Kennewick, jua linachoma ardhi isiyo na miti, hewa inapanda na mgandamizo unashuka. Hewa nzito ya bahari inatafuta pa kupita, na pa kupita ni hapo tu, kama upepo unaopenya chini ya mlango kuelekea jikoni kwenye moto.

Wengi hudhani upepo unapata nguvu kwa kubanwa na wembamba wa korongo. Kubanwa kunachangia, lakini kazi kubwa inafanywa na tofauti ya mgandamizo kati ya ncha mbili. Hewa inazidi kushika kasi kadiri inavyotoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo, na mara nyingi kasi yake kubwa kabisa huipata karibu na upande wa kutokea, si pale penye wembamba. Ndiyo maana upepo wa magharibi wa kiangazi hukomaa kuanzia Hood River kwenda ufukwe wa Doug's Beach na Rufus, na ule wa mashariki wa majira ya baridi hukomaa upande wa pili, karibu na Portland, pale Crown Point na Troutdale. Mimi naona hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi, na bila hilo namba za simu hazina mahali pa kukaa kichwani.

Sasa fanya hivi. Kila asubuhi fungua taarifa za hali ya hewa za viwanja vya ndege vya Portland, The Dalles na Pasco. Ni bure, na hutolewa kila saa. Uwanja wa The Dalles wenyewe uko ng'ambo ya mto, Dallesport, upande wa Washington, usije ukauhangaikia kwenye ramani. Chukua mgandamizo wa kila kimoja ukiwa umesawazishwa kwa usawa wa bahari, kisha toa kimoja kwa kingine. Tuseme saa kumi na mbili asubuhi Portland inasoma milibari (kizio cha mgandamizo) 1017, The Dalles 1014, Pasco 1012. Kutoka Portland hadi The Dalles ni 3, kutoka The Dalles hadi Pasco ni 2. Siku hiyo Hood River iko ndani ya kazi. Siku nyingine Portland inasoma 1017, The Dalles 1016, Pasco 1012. Jumla ni ileile, 5, lakini sasa ya kwanza ni 1 na ya pili ni 4. Upepo umehama. Hood River utakaa unatazama maji, na Rufus, Arlington na Three Mile Canyon watu wanafurahi. Jumamosi yako, kwa maelezo uliyonipa ya wingu na manyunyu, ilikuwa ya namna hii.

Kipimo changu mwenyewe: tofauti ya Portland na The Dalles ikiwa 2, naanza kufikiria. Ikiwa 3, napakia gari. Ikipita 4, nabeba vifaa vidogo na kuwaambia wanafunzi wapumzike. Ila usiitazame mara moja ukaacha. Tofauti inayokua kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi ina maana kubwa kuliko tofauti nzuri ya alfajiri inayopungua. Wenyeji wanaihesabu kwa inchi za zebaki, kwa hiyo ukisikia mtu akitaja sifuri nukta sifuri nane, hiyo ni karibu milibari 2.7.

Na jambo dogo linalowaumiza watu wengi wa pwani: huku kasi inatajwa kwa maili za nchi kavu kwa saa, si kwa noti ulizozizoea Paje. Maili 25 ni noti 22 hivi. Ukichagua kaiti ya noti 25 utabaki umekaa majini.

Baada ya namba, tazama wingu. Idara za uchukuzi za Oregon na Washington zina kamera za barabarani ambazo kila mtu anaweza kuziangalia, na ndizo ninazoziamini kuliko picha yoyote ya rangi rangi kwenye simu. Siku nzuri ya Hood River ina sura yake. Cascade Locks na Stevenson wingu zito limelala juu ya maji. White Salmon jua limetoka. The Dalles anga ni buluu tupu na joto linapanda haraka. Ukisimama ufukweni Hood River ukaelekea magharibi, unauona ukingo wa lile wingu juu ya milima ya Viento: jua linaula, hewa mpya inaujaza, nao unabaki palepale. Chini yake maji bado ni ya kijivu na laini. Kisha mstari mweusi unajitokeza kutoka kwenye kona ya mto, unasogea, na nyuma yake vichwa vyeupe. Upepo hukaza mbele kidogo ya ukingo wa wingu, upande wa mashariki. Wingu likirudi nyuma, upepo unarudi nalo. Likiendelea mbele mpaka likaifunika The Dalles, fuata barabara uelekee mashariki.

Siku yenyewe ina mwendo wake. Alfajiri hewa ya bahari iliyosukumwa usiku inavuma kwenye fukwe za Viento, Swell City na Hatchery, na wapo wanaoingia majini kabla ya kwenda kazini. Kati ya saa nne na saa sita mara nyingi upepo hulegea pale, na hapo ndipo wageni hufunga vifaa na kuondoka kwa hasira. Mchana nyanda za mashariki zikishapata joto, unarudi, na Doug's Beach karibu na Lyle huanza kuchapa alasiri. Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo mtu anayetoka kazini saa kumi na moja bado ana mto.

Upepo huu unakufa kwa njia tatu. Ya kwanza umeiona: wingu linapita korongo lote. Ya pili ni joto kutawala pande zote mbili. Portland wakianza kulalamika jua, mgandamizo mdogo umehamia magharibi ya milima, na hewa haina sababu ya kukimbia kwenda mashariki. Mfano wake mkubwa ni Juni 2021, pale Portland ilipofika nyuzi 46.7 tarehe 28, joto ambalo mji huo haujapata kulirekodi kabla wala baada. Siku za joto za kawaida, usiende korongoni. Nenda Jones Beach karibu na Clatskanie, chini ya mto kuelekea baharini, ambako upepo wa bahari wa alasiri unaweza kufika, na huko maji yanajaa na kupwa, utajisikia nyumbani. Lakini iwinde siku ambayo joto linavunjika. Hewa ya bahari ikirudi inarudi kwa kishindo, na hapo uwe mwangalifu sana: mtu anaingia na maili 10, saa moja baadaye ni 35. Njia ya tatu ni mvua na radi za mpaka wa hewa baridi. Mbele yake upepo hushuka na kupanda hovyo, na radi ikisikika toka majini bila kubishana.

Mwishoni mwa kiangazi kuna moshi pia. Moto wa Eagle Creek uliowaka Septemba 2017 karibu na Cascade Locks unakumbukwa hadi leo. Moshi mzito ukitanda juu ya nyanda za mashariki unazuia jua kuchoma ardhi, na siku ambayo ingekuwa ya maili 25 inabaki 15.

Kuhusu programu. Modeli ya dunia nzima ya Marekani, GFS, inaigawa dunia kwa vipande vya kilomita 13 hivi. Korongo ni jembamba kuliko kipande kimoja. Kwa modeli hiyo, Hood River ni mteremko wa kawaida wa milima, kwa hiyo inakupa maili 10 siku ambayo watu wanaruka na matanga ya mita 4. Hiyo ndiyo Jumatatu yako. Itumie kuangalia siku nne au tano mbele kama mgandamizo mkubwa wa Pasifiki unakaa vizuri, basi. Kwa leo na kesho tafuta modeli ya HRRR, yenye vipande vya kilomita 3, inayofanyiwa upya kila saa. Angalia matoleo matatu mfululizo: yakikubaliana, yaamini, kila toleo likisema lake, rudi kwenye mgandamizo na kamera.

Kisha soma maelezo marefu ya wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, yale wanayoandika wenyewe kwa maneno. Hood River iko chini ya ofisi ya Portland, The Dalles iko chini ya ofisi ya Pendleton. Mpaka wao unapita katikati ya uwanja wako wa michezo, kwa hiyo soma zote mbili. Portland wakisema hewa ya bahari itazidi kuingia ndani, na Pendleton wakisema upepo utakaza kwenye mabonde ya mashariki, tayari unajua pa kuelekea.

Ulipie? Ukiweza, lipia, na wala si kwa sababu ya modeli, maana hizo ni za umma. Unalipia mtu wa palepale anayeamka gizani, anatazama wingu kwa macho yake, na kukuandikia ufukwe kwa ufukwe na saa kwa saa. Unalipia pia vipima upepo vilivyofungwa kando ya mto. Fedha ya msimu mzima haifiki gharama ya mafuta ya safari chache za bure kwenda Arlington, kilomita 220 kutoka kwako. Ila endelea kutoa hesabu yako kila asubuhi kabla hujausoma utabiri wao. Baada ya msimu mmoja utakuwa unajua kwa nini wamesema walichosema.

Hukuniuliza kuhusu maji, lakini siwezi kukuacha. Mto unatiririka kwenda magharibi na upepo wa kiangazi unatoka magharibi, vinakutana uso kwa uso. Hapo ndipo yanapozaliwa mawimbi makubwa ya Swell City. Mkondo pia unakubeba kuelekea upepo unakotoka, kwa hiyo ukianguka hushuki kama unavyoshuka Paje. Theluji inapoyeyuka, mwisho wa Mei na Juni, maji yanayopita The Dalles yanaweza kuzidi futi za ujazo 300,000 kwa sekunde. Mwisho wa Agosti hubaki karibu 100,000. Mei ubao wako utapanda upepo kwa urahisi ambao Agosti hutauona tena. Na upepo ukifa Mei ukiwa katikati, mto unakuchukua. Usipigane nao, funga kaiti yako, ogelea kwa mshazari kuelekea ukingo, kubali kutokea mbali na ulipoingilia.

Ukienda na kaiti, anzia kwenye fungu la mchanga la Hood River, lile lililomwagwa na maporomoko ya matope kutoka Mlima Hood Novemba 2006. Ukubwa wake hubadilika kwa sababu mabwawa yanapandisha na kushusha maji, hivyo angalia kina kabla hujatandaza kamba. Hatchery ina mawe na upepo uliovurugika, waachie wenye matanga na mabawa mpaka uuzoee mto. Doug's Beach unavuka reli kwa miguu ili kufika majini, na treni za mizigo hupita kwa kasi. Tagi zinazosukuma matishari ya ngano nazo haziwezi kusimama kwa ajili yako, na nyuma ya tishari lililopakiwa upepo unakatika ghafla. Kata njia yake ukiwa mbali sana, au subiri lipite.

Utakuta pia nyavu zenye maboya. Wenyeji asilia wa Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce wana haki ya kuvua samaki hapa kwa mikataba ya mwaka 1855, na Bwawa la The Dalles, mwaka 1957, lilizamisha maporomoko ya Celilo walikovua kwa maelfu ya miaka. Kaa mbali na nyavu zao kama ulivyokuwa ukikaa mbali na mashamba ya mwani ya kina mama wa Paje. Maeneo yao ya kushusha mashua si ya kuegesha gari lako.

Mwisho, upepo wa mashariki. Majira ya baridi hewa nzito ya baridi hujikusanya kwenye nyanda za ndani, mgandamizo wa Pasco na The Dalles unazidi wa Portland, na ile hesabu yako ya asubuhi inatoka hasi. Ikifika hasi 8 au 10, Crown Point mtu mzima anashindwa kusimama. Wapo wanaoutumia upepo huu Rooster Rock, na ni watu wenye miaka mingi ya mto. Wewe bado. Huo unavuma upande mmoja na mkondo, kwa hiyo kila kinachokupata kinakupeleka chini tu, na maji ya Januari yana nyuzi 4 au 5, vidole vinakufa kabla hujafungua ndoano ya usalama. Tumia miezi hiyo kufanya hesabu na kulinganisha na vipima upepo ukiwa nyumbani. Ukirudi mtoni Aprili maji yatakuwa nyuzi 10 hivi: suti ya milimita 5, viatu na glovu za mpira. Ile suti fupi ya Paje iweke kabatini mpaka mwisho wa Julai.